Kazi: Mkulima

6 Februari

Shikamoo Mjomba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mama. Mimi sijambo. Chumba nilichohamia kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa jirani, lakini maji hayakatiki, kwa hiyo silalamiki. Mwambie mama yale mashuka aliyonishonea nimeyatandika, na kwamba nakula, asiulize tena.

Najua simu huipendi, unasema mtu hawezi kufikiri huku mwenzake ananguruma sikioni. Ndiyo maana naandika.

Ofisini nimepewa kazi ambayo ukiisikia utacheka: nikadirie, katika kila watu mia wanaougua saratani, wangapi wameipata kwa sababu ya kazi waliyoifanya. Huwezi kumtazama mgonjwa mmoja ukajua. Ugonjwa hauji na barua ya utambulisho. Lakini ukijua watu wangapi walifanya kazi penye vumbi fulani, kwa miaka mingapi, na vumbi lilikuwa kiasi gani, unaweza kulipigia hesabu kundi zima. Utasema: hawa wangeugua hata wangekuwa makarani, na hawa wa ziada wameletwa na kazi. Hao wa ziada ndio ninaowatafuta.

Nimeamua kuanza na kile kiwanda cha mapaa ya asbesto ulichofanya kazi wewe na marehemu baba. Siku tatu nilizunguka nikiuliza nani ana vipimo vya vumbi la mle ndani, halafu nikajipiga paji la uso. Mpima vumbi si mjomba wangu mwenyewe! Nakukumbuka na lile koti jeupe, na sisi watoto tukidhani wewe ni daktari.

Je, daftari zako unazo bado? Usidhani natafuta habari za baba. Sigara ndizo zilizomwondoa, hilo tunalijua sote. Ni kwa ajili ya wengine.

Mpwa wako,
Chiriku


3 Machi

Mpwa wangu Chiriku,

Marahaba, mwanangu. Salamu zako zimefika na nimezigawa: nusu kwa mama yako, robo kwa jirani mwenye mbuzi, robo nimebaki nayo. Sisi wazima. Mama yako ana kikohozi kidogo, mafua tu ya hali ya hewa. Paa la jikoni linavuja. Fundi alikuja, akatazama juu, akakuna kichwa, akaondoka na ngazi yangu. Hajarudi mpaka leo.

Nimefurahi sana kusikia cheo chako. Nimewasomea watu barua yako pale kwa kinyozi, ila nimeruka sehemu za hesabu kwa sababu walikuwa wameanza kusinzia.

Kuhusu daftari, zilinyeshewa zamani. Hata zingekuwapo zisingekufaa. Vumbi lilikuwa la kawaida, chini ya kiwango kilichowekwa. Kiwanda kilifagiliwa kila siku. Andika hivyo tu, utakuwa hujakosea. Mbona usianze na wachomeleaji, au wale wanaopaka rangi magari? Kule ndiko kwenye mambo. Kiwanda chetu kimefungwa miaka kumi na miwili sasa, mbuzi wanalala ndani yake.

Jitunze. Usifanye kazi mpaka ukasahau kuolewa.

Mjomba wako


24 Machi

Shikamoo Mjomba,

Asante kwa barua, na mwambie mama anywe vitu vya moto. Kikohozi cha wiki ngapi hicho? Hukusema.

Kuolewa nitaolewa, Mjomba. Kwanza nisaidie hapa. Daftari zimenyeshewa, sawa. Lakini katika kabati la idara ya kazi nimekuta taarifa za kila mwaka, miaka kumi na mmoja, zote zina saini yako. Nilifurahi kama aliyeokota dhahabu, mpaka nilipozipanga mezani. Chumba cha kufungulia magunia, mwaka wa kwanza mpaka wa kumi na moja, namba ni ile ile, au imepishana kidogo sana. Mjomba, hata mizani ya muuza nyanya haikai vile.

Mkuu wangu hana shida. Anasema hizo ndizo zilizopo, tuzitumie. Nimezitumia. Katika wanaume mia wenye saratani ya mapafu ukanda ule, zinanipa mmoja tu wa kiwanda. Mmoja. Wakati juzi nilipotembelea mtaa mmoja wa wastaafu wenu nilikuta wajane saba kabla sijafika mwisho wa barabara.

Nieleze tu mlivyokuwa mkipima: saa ngapi, pampu ilivaliwa na nani, mashine zikienda au zimezimwa. Na jambo jingine. Mzee mmoja pale nilimwuliza habari za vipimo akacheka mpaka akakohoa. Akasema, "Kamwulize Bwana Sifuri." Ni nani huyo?

Chiriku


27 Mei

Kwako mpwa,

Nimechelewa kujibu, nilikuwa na shughuli.

Bwana Sifuri ni mimi. Watu wa kiwandani walikuwa na midomo, kila mtu walimpa jina. Usitembee na maneno ya wazee wasio na kazi.

Vipimo vilipimwa kama ilivyoagizwa. Mimi niliajiriwa, nikaagizwa, nikatekeleza, nikastaafu. Waliokufa wamekufa. Ukichimbua kaburi hukuti ila mifupa.

Mama yako anakusalimu. Amepumzika. Anasema likizo hii usije, nyumba ina fundi.

Mjomba


8 Juni

Mjomba,

Nyumba gani ina fundi, na fundi alishaondoka na ngazi?

Leo sina salamu ndefu. Kazi yangu inataka pia kadi za wagonjwa, kwa sababu kwenye kila kadi kuna mstari wa kazi. Wiki iliyopita nilifika hospitali ya mkoa. Nilikuwa napitia kadi za miaka sita nyuma nikiwa na karani wao, naye ananisomea mimi naandika. Akasoma namba ya kadi, umri, mtaa wetu. Nikainua kichwa. Akaendelea: "Ugonjwa: saratani ya pafu. Sigara: ndiyo. Kazi: mkulima."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Baba hakuwahi kushika jembe maisha yake yote. Ule mche wa ua aliopewa na mama ulimfia ndani ya kopo. Alifungua magunia ya asbesto kwa kisu miaka kumi na tisa.

Chini ya kadi pana nafasi ya jina la aliyemleta mgonjwa na kutoa maelezo. Saini ni yako. Ni ile ile ya kwenye taarifa, yenye mkia mrefu.

Nataka uelewe hesabu inavyokwenda. Mtu aliyeandikwa mkulima namweka upande wa wale ambao hawakuguswa na vumbi. Kila mmoja wa namna hiyo anaifanya namba ya kiwanda iwe ndogo, na anazidi kuonyesha kwamba huko nje watu huugua vile vile bila kiwanda. Baba yangu, Mjomba, katika makadirio yangu, anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Nani alisema mkulima?


30 Juni

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Dada yangu ameniuliza karatasi zinakwenda wapi.

Mimi ndiye niliyesema.

Acha nianze mwanzo, maana nikianza na hospitali nitatafuta njia ya kukimbia. Nilikuwa mtunza stoo. Meneja akanipeleka mafunzo ya wiki tatu, nikarudi na koti jeupe na pampu ndogo ya kufunga kiunoni. Bomba lake hupanda mpaka karibu na shingo, na mwisho wake pana kichujio kinachonasa vumbi. Mtu anaivaa zamu nzima, kisha kichujio kinapelekwa maabara, nyuzi za asbesto zinahesabiwa kwa hadubini. Kazi safi. Nilijiona mtu.

Mara ya kwanza nilipima kama nilivyofundishwa. Nilimfunga pampu baba yako, kwa sababu alikuwa shemeji yangu na mimi ndiye niliyemtafutia kazi ile, asingenikatalia. Akafungua magunia zamu nzima, nyuzi zinaelea kama pamba iliyopigwa. Maabara wakajibu kwamba kichujio hakihesabiki, kimefunikwa chote. Meneja akaniita. Hakunifokea. Alinimiminia chai mwenyewe, akasema, "Kichujio hiki kimeharibika. Rudia. Na safari hii rudia Jumamosi mchana."

Jumamosi mchana mashine zilikuwa zimezimwa na sakafu imemwagiwa maji. Hakukuwa na mtu wa kuvaa pampu. Niliitundika kwenye msumari karibu na mlango, nikakaa nje nikasoma gazeti. Namba ikaja nzuri. Mwezi uliofuata nikapewa nyumba hii ninayokaa, yenye bomba la maji ndani. Hakuna aliyesema nyumba ni ya nini. Nikaendelea na Jumamosi zangu miaka kumi na mmoja. Wafanyakazi waliona. Ndipo wakanibatiza lile jina. Nami nilikuwa nikicheka nao, nikigusa kipara changu, kana kwamba wananitania kipara.

Baba yako aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa tunanawa mikono. "Shemeji, hili vumbi lina neno?" Nikamwambia, "Halina neno. Vipimo viko chini." Akasema, "Basi vizuri," akajifuta uso kwa ile ile ovaroli.

Siku ya hospitali alikuwa hawezi kumaliza sentensi. Karani akauliza, "Kazi yako, mzee?" Baba yako akafungua mdomo, akawa anaitafuta pumzi. Mimi nikawahi. Nilijua akisema kiwanda wataandika kiwanda, na siku moja mtu atakuja kuuliza vipimo. Sikujua mtu huyo atakuwa wewe. Nikasema, "Mkulima." Baba yako akanigeukia. Hakukataa. Alinitazama tu, kisha akaangalia chini, kama yeye ndiye aliyeona aibu kwa niaba yangu.

Kuna daftari moja halikunyeshewa. Lina jibu la maabara la kichujio cha kwanza, na vipimo vingine vitano nilivyochukua kwa siri mwaka uliofuata, mashine zikienda, kisha nikaogopa na kuacha. Nimelifunga kwenye bahasha hii.

Bado sijamaliza. Mama yako si mafua. Ni miezi mitano sasa. Ana maji kifuani. Zahanati wameyatoa mara mbili, yanarudi. Amenikataza nisikuandikie, asikuvurugie kazi. Na mimi zahanati sijawaambia kwamba kwa miaka kumi na tisa alikuwa akikung'uta zile ovaroli uani kabla ya kuzifua. Wanadhani ni kifua kikuu, wanampa dawa za kifua kikuu.

Sina cha kuongeza. Sikuombi chochote.

Mjomba wako


9 Julai

Mjomba,

Mpeleke mama hospitali ya mkoa siku utakayopata barua hii. Si kesho yake. Ukifika sema maneno haya, yasome kwenye karatasi kama mdomo utakataa: "Mume wake alifungua magunia ya asbesto miaka kumi na tisa. Yeye alizikung'uta nguo zake na kuzifua. Mchunguzeni utando wa mapafu." Nimeshampigia daktari wa pale, anawangoja. Kama wewe huwezi kusema, jirani aseme.

Siwezi kukuambia kwamba nimekusamehe, na sitaki kukudanganya. Daftari limefika. Nimelifunika, nimelifunua, nimelifunika tena. Hivyo vipimo sita ndivyo pekee vya kweli katika kiwanda kile chote.

Lakini kuna mambo mawili ambayo nikiyanyamazia nitakuwa nakucheka huku nami nimechafuka.

La kwanza. Nilipokuandikia Machi, makadirio yalikuwa yameshaondoka mezani kwangu. Mkuu alikuwa na haraka, nami niliziona namba zako kwamba hazina maana, nikaandika "mmoja katika mia", nikatia saini. Nilikuuliza baadaye, ili nipate kulala.

La pili ni la baba. Mwaka ule wa mwisho nilikuja likizo. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ana sigara, akaniambia, "Njoo ukae na mimi kidogo." Nikamjibu, "Ulijitakia mwenyewe hicho kifua. Sikai na moshi." Akaizima sigara kwa kidole. Akasema, "Kweli, mwanangu." Sikukaa. Niliingia ndani nikasoma kitabu. Nilipokuja tena, nilikuja kuzika.

Kuna kitu ambacho kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika kazi yangu anakijua: sigara na asbesto hazijumlishwi, zinazidishana. Huwezi kumkata baba vipande ukasema hiki cha sigara, hiki cha vumbi. Nilikijua nilipokuwa namwambia maneno yale. Nilikuwa nimeshafaulu mtihani wake.

Mpeleke mama.


22 Agosti

Mwanangu,

Nilimpeleka siku ile ile. Karatasi yako sikuihitaji, nilisema. Karani aliniomba nirudie kwa sababu sauti ilikuwa ndogo, nikarudia, na watu kwenye benchi wakageuka.

Daktari atakuwa amekueleza. Ni saratani ya utando wa mapafu, kama ulivyohofia. Tiba ya kuiondoa hakuna, ya kumpunguzia maumivu na maji ipo huko mjini kwenu. Zile dawa za kifua kikuu zimesimamishwa.

Niliporudi naye nyumbani nilimweleza yote: Jumamosi, msumari, mkulima. Nilipiga magoti. Alikuwa anamenya viazi, hakuacha kumenya. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Nilikuwa nikizikung'uta najifunga kitambaa mdomoni. Unadhani nilikuwa nacheza? Mimi nilijua ni kitu kibaya. Sikujua jina lake tu. Wewe ndiye uliyekuwa na jina." Nikasema, dada, nisamehe. Akasema, "Lete sufuria."

Tangu siku hiyo anakula chumbani kwake. Alhamisi jirani atamsindikiza kuja kwako. Amekataa nimsindikize mimi. Sikubisha.

Nimefanya jambo moja bila kuulizwa. Nimepita nyumba kwa nyumba kwa waliofanya kazi pale na kwa wajane wao, nikasema mimi ndiye Sifuri, nimekuja kuandika vizuri. Wawili walinifungia mlango. Mmoja alinimwagia maji ya kuoshea vyombo, na yalikuwa bado ya moto. Lakini mjane wa fundi mitambo alinivutia kiti, akasema, "Kaa. Andika. Huyu aliandikwa muuza duka, na duka hatujawahi kuwa nalo." Nina majina sitini na moja: chumba alichofanya kazi, miaka, ugonjwa, na kadi yake ilisema nini. Kumi na wanne waliandikwa wakulima, Chiriku. Sikuwasindikiza mimi hao, ila baba yako. Kumbe si mimi peke yangu niliyekuwa naogopa. Wengine walihofia kupokonywa nyumba, wengine karani hakuuliza kabisa.

Katika ujumbe uliomtumia mama yako umesema kamati inayopitia upya makadirio yenu itasikiliza mashahidi Oktoba. Nitakuja. Nitafikia nyumba ya wageni, usihangaike.

Mjomba


14 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Natumaini ulifika salama na basi halikuharibika njiani. Mama anaendelea. Jana alitembea mpaka dirishani akautazama ukuta wa jirani, akasema una ufa, mwenyewe aambiwe. Maji yamepungua. Usiku anahema vizuri zaidi. Daktari anahesabu miezi. Yeye anahesabu mashuka yangu, anasema yamechakaa.

Ulisema vizuri mbele ya kamati. Hukujitetea popote. Ulipoeleza habari za msumari, mwenyekiti aliweka kalamu chini. Kwa vipimo vyako sita na majina yako sitini na moja hesabu imekuwa nyingine kabisa: si mmoja katika mia, ni kati ya wanne na kumi. Mkuu wangu alitaka namba moja, nikamwambia ukweli wetu ni mpana kiasi hicho, na upana wenyewe ni kwa sababu ya vichujio ambavyo hakuna aliyevivaa mashine zikienda. Wataiandika hivyo.

Sasa lile ambalo wewe umelinyamazia, hata salamu hukunitumia.

Ulipokuwa umekaa kwenye kile kiti, mwenyekiti alinigeukia akauliza, "Wewe mkadiriaji, una uhusiano wowote na shahidi huyu?" Ulikuwa mbali nami kwa hatua tatu. Nilikuona unanitazama. Nikasema, "Hapana. Ni mtumishi wa zamani wa kiwanda." Ukainamisha kichwa. Ukaendelea kujibu maswali. Ulipotoka ulinipita mlangoni ukasema, "Asante, mama," kama mtu anavyomwambia karani yeyote.

Nilijiambia nalinda makadirio, wasije wakasema ni mambo ya kifamilia. Uongo. Niliona haya kuwa wako mbele ya watu wale.

Nilimweleza mama. Nilidhani atanipa pole. Alisema, "Basi mtoto umemfuata mjomba wako," akageukia ukutani.

Asubuhi hii nimempelekea mwenyekiti barua. Nimeandika kwamba shahidi ni ndugu wa tumbo moja na mama yangu. Kwamba kadi mojawapo katika zile kumi na nne ni ya baba yangu. Kwamba mgonjwa mwingine yuko kitandani kwangu. Na kwamba niliulizwa nikakana. Nimeomba mtu mwingine arudie hesabu tangu mwanzo, kwa namba zile zile. Mkuu amesoma nakala yake bila kunitazama. Jina langu litaondolewa kwenye taarifa, na pengine meza pia nitaiacha.

Mama anasema uje. Hakusema kwa upole, alisema, "Mwambie aje, nisife nimemnunia." Njoo basi, Mjomba, usifikie nyumba ya wageni. Mimi nitakufungulia mlango. Uso wangu nitauweka wapi sijui, lakini nitakufungulia.

Mwanao